Kuti Lile Lilikuwapo Njiani

Lusaka

Kaka yangu Yeremia,

Shikamoo. Naiandika nikiwa nimeegemea mito miwili kitandani, miguu imevimba haitaki viatu, lakini salamu ni ile ile ya mdogo kwa mkubwa wake. Hali yako? Goti la kulia linasemaje siku hizi za mvua? Ester aliniambia umeanza tena kutembea hadi kisimani bila kushikwa mkono, nikafurahi. Kisha akasema unafanya hivyo kwa ukaidi tu, nikafurahi zaidi, maana nilijua bado ni wewe.

Sitazunguka. Nikizunguka nitachoka kabla sijafika, na siku hizi nachoka upesi. Jambo nililoficha ni hili. Siku ya sherehe yangu, miaka hamsini kasoro michache iliyopita, uliweka kuti kwenye njia ya shimo. Hakimu alisema hukuweka. Kijiji chetu kizima cha Simbo kikasema hukuweka. Mama alikufa akiwa hajui amwamini nani. Uliliweka, Kaka. Kuti lile lilikuwapo njiani, na aliyelitoa ni mimi.

Ester mwanangu, wewe unayemsomea baba yako, najua umenyamaza hapo. Endelea. Usiruke mstari kwa kumwonea huruma, wala kwa kunionea mimi.

Nimeandika kwa mkono, wala sikupiga simu, kwa sababu simu zetu unazijua. Tunasalimiana mpaka salio linakata. Na wewe husikii vizuri, nami nitapata kisingizio cha kupunguza sauti nikifika penye ugumu. Barua haipunguzi sauti. Nitampa mama mmoja anayeleta dagaa hapa sokoni. Wao wanawaita kapenta, lakini ni dagaa wetu wa ziwa lile lile, wamevuliwa upande wa kusini. Atapanda boti ya mizigo kutoka Mpulungu hadi Kigoma, na barua ataifikisha nyumbani kwa Ester pale Rusimbi. Ameniahidi kwamba ndani ya siku kumi itakuwa imefika. Nahesabu siku hizo kuliko ninavyohesabu za kwangu.

Za kwangu hazihitaji hesabu ndefu. Figo zimechoka. Daktari ni kijana mpole, anaongea na mimi kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, lakini nilimwuliza swali la wazi na akanijibu kwa uwazi. Mwanangu na mkewe wananitunza vizuri. Asubuhi naletewa uji, jioni natolewa barazani nikae kidogo, halafu narudishwa kama nguo zilizokauka. Sina la kulalamika. Nimechoka tu, Kaka, na uchovu mwingine si wa figo.

Kilichonifanya niandike sasa, na si mwaka ujao ambao sitakuwepo, ni simu ya Ester ya wiki iliyopita. Aliniambia mjukuu wako Neema ameposwa na mjukuu wa Leonia. Niliposikia jina la Leonia nilimwomba Ester arudie, nikasingizia mtandao. Akasema vijana wanapendana, barua ya posa imeletwa, lakini wazee wa upande wa Leonia wameweka sharti moja. Hawataki mali wala kuombwa radhi kwa mguu wa Leonia, kwa kuwa hilo mahakama ilikwishalimaliza. Wanataka wewe usimame mbele ya pande zote mbili, mwisho wa mwezi huu, useme kwamba siku ile hukuweka kuti, na kwamba ulidanganya mahakamani. Wanasema hawawezi kuoa katika nyumba ambayo bado imekumbatia uongo.

Nikamwuliza Ester, baba amesemaje. Akasema siku ya tatu, wakati anakula, baba alisema, "Nitasema. Mimi nimebakiza siku chache, Neema ana maisha. Waambie nitasema."

Ester alinieleza hayo kwa furaha, kwamba sasa mambo yatakwenda. Mimi simu ilinitoka mkononi, ikaangukia kwenye blanketi.

Usiseme, Kaka. Nakuomba, usiseme. Uliapa mbele ya hakimu ukasema kweli, hukuaminiwa. Usiende sasa, na mvi zako, ukaseme uongo ili uaminiwe.

Acha nieleze siku ile kama nilivyoiona mimi, ili Ester na Neema nao wajue, maana wao wanajua jina tu, "kesi ya shimo."

Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda chuo kikuu kusoma sheria. Mtoto wa kwanza wa upande wetu wa Simbo. Mama aliamua pafanyike sherehe, na wewe ndiye uliyesema mawese ya kupikia yatakuwa yako yote, yasinunuliwe hata chupa moja. Ulianza kuchemsha ngazi, matunda ya mchikichi, alfajiri pale kijitoni, kwenye pipa lako, kwa sababu yangu. Hilo nimelikumbuka kila mara nilipokula chakula chenye mawese, mpaka nikaacha kula mawese.

Shimo lako la machicha lilikuwa karibu na pipa, kama yalivyokuwa mashimo ya wakamuaji wote. Mnamwaga humo maji ya moto na makapi, juu pakaganda utando mweusi wenye majivu unaofanana na udongo. Likishapoa watu hupita juu yake bila wasiwasi, maana si refu na njia ya mkato ya kwenda kwetu ilikatiza hapo hapo. Likiwa la moto, mwenye shimo hulaza kuti bichi la mchikichi kukatisha njia. Kuti likiwepo, zunguka. Lisipokuwepo, pita. Na aliyeliweka ndiye anayelitoa, hakuna mwingine. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote, na sijui watu wangapi iliwaokoa miguu yao.

Ulipomaliza kumwaga, uliweka kuti, ukabeba mafuta kupeleka jikoni kwa mama. Huo ndio ushahidi wako, na ndivyo ilivyokuwa.

Sasa mimi. Kwenye uwanja wetu wanawake walikuwa wanafunga lango la makuti ili wageni wapite chini yake. Mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe jipya, nimesimama tu kama bwana harusi. Shangazi zetu wakaanza kunitania. Mmoja akasema, "Bwana sheria, huko Dar watakufundisha kufunga kamba, au watakufundisha kutazama wanaofunga?" Mwingine akasema upande wangu wa lango una kipara. Kweli ulikuwa umepungukiwa kuti moja. Wakacheka, na mimi nikasema nitalileta sasa hivi, nikashuka njia ya kijitoni.

Sikutaka kupanda mchikichi na shati lile. Siku hiyo makuti yalikuwa kila mahali, watoto walikuwa wanayaburuta tangu asubuhi, mengine yameachwa njiani. Nililikuta hilo limelala. Nilidhani ni la sherehe, limeangushwa na mtu. Nikalichukua, nikapanda nalo, nikalifunga langoni, na akina shangazi wakanipigia vigelegele.

Haikupita nusu saa. Leonia, binti wa Mzee Barnaba, wale majirani zetu waliotoka Burundi wakajenga ng'ambo ya kijito, alitumwa na baba yake kutuletea mtungi wa maji ya ndizi. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mtungi kichwani, macho mbele, akafika penye shimo, akatazama kama kuna kuti. Hakuliona. Akapita. Mguu wa kushoto ulizama hadi gotini.

Sauti yake ilifika hadi langoni. Wewe ndiye uliyemfikia kwanza, ukamtoa, ukambeba mgongoni ukikimbia, na mikono yako nayo iliungua. Nilibaki nimesimama chini ya lango. Kesho yake asubuhi nililibomoa lango lile peke yangu, nikachoma makuti yote, na watu wakasema, tazama kijana alivyoguswa.

Mzee Barnaba hakuwa mtu wa ugomvi. Alikaa miezi akisubiri tuseme neno la maana. Sisi tulipeleka pole, tukapeleka unga na kuku, lakini kila alipouliza imekuwaje, wewe ulisema, "Niliweka kuti," na yeye alisikia, "Binti yako ni kipofu." Ndipo akafungua madai mjini, mahakama ya wilaya.

Nilikuwa mwaka wa pili nilipokuja likizo na kesi inasikilizwa. Mama alisema, si ana ndugu anayesoma sheria, wakili wa nini. Nikakuandikia utetezi wa maandishi kwa mkono wangu. Ulikaa kando yangu mezani, unaniangalia ninavyoandika, ukaniuliza kama neno "mdaiwa" ni tusi. Nikakuambia hapana, ni jina tu la upande wa pili. Ukasema, "Basi andika. Ila andika kwamba niliweka." Nikaandika.

Ester, wewe hukuwepo, na baba yako hapendi kusimulia, kwa hiyo nitasimulia mimi. Hakimu alikuwa mtu wa mbali, mtu makini, hakutuonea. Alimwuliza baba yako, "Mdaiwa, kuti hilo liko wapi?"

Akajibu, "Mheshimiwa, sijui. Niliweka, nikaondoka na mafuta."

"Nani alikuona ukiliweka?"

"Kuti la shimo haliwekwi kwa mashahidi, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Hakimu aliandika bila kucheka. Kisha akasimama wakili wa Mzee Barnaba, naye si mtu wa huko kwetu, akauliza siku hiyo palikuwa na makuti mangapi pale nyumbani. Baba yako akasema mengi, ya sherehe ya mdogo wangu. Wakili akasema, basi huenda umeona moja la hayo ukadhani ni la kwako.

Hapo, Kaka, uligeuka ukanitazama. Hukunitazama kwa kunishuku. Ulinitazama kama mtu aliyelipia ada ya shule anavyomtazama aliyesoma, anitafutie neno la kujibu. Mimi nikainamia jalada, nikajifanya natafuta karatasi.

Leonia naye alisimama na gongo lake la kutembelea. Alisema, "Mimi simchukii Yeremia. Yeye ndiye aliyenibeba. Lakini kuti sikuliona, na kama lingekuwepo ningezunguka." Alisema kweli. Nanyi wote wawili mlisema kweli, na hakimu, kwa yale aliyowekewa mbele yake, aliona mmoja lazima awe mwongo. Kesi za madai haziulizi kama jambo limethibitishwa bila shaka yoyote. Zinauliza mizani imelalia wapi. Ililalia upande wa binti mwenye gongo, na mtu yeyote mwenye haki angeona hivyo.

Ukauza shamba la michikichi la ng'ambo ulipe fidia. Hilo peke yake lingeweza kusahaulika, kwa kuwa watu huuza mashamba. Lakini lililobaki ni lile neno. Niliporudi mwaka uliofuata nilimsikia mtu sokoni akimwambia mwuza mihogo, "Acha hizo, hilo nalo ni kuti la Yeremia." Walikuwa wamelifanya jina la uongo. Nilinunua mihogo yangu nikaondoka. Nikajiambia nikimaliza chuo nitalisema. Nikamaliza. Nikajiambia nikipata kazi. Nikapata kazi, huku Lusaka, na nilipoona ni mbali nikaona ndiyo nafasi nzuri.

Sasa sikia kichekesho cha maisha yangu, maana najua utapenda kucheka kidogo. Walinipa nifundishe sheria ya madhara. Zaidi ya miaka thelathini, Kaka, nimelipwa mshahara kwa kueleza kesi yako bila kuitaja.

Si sheria ngumu. Si ile ya wezi na wauaji, ambako serikali hushtaki na mtu hufungwa. Hii ni ya watu wawili. Mmoja ameumia, anasema mwingine ndiye chanzo, na anataka arudishiwe kiasi kinachowezekana cha alichopoteza. Niliwafundisha wanafunzi kuuliza kwanza: huyu mtu alikuwa na wajibu wa kumwangalia yule? Wewe ulikuwa nao. Shamba lilikuwa lako, lakini njia walipita wote, na ulijua wanapita. Halafu waulize, je, alifanya kile ambacho mtu wa kawaida, mwangalifu, angefanya mahali pale? Hapo ndipo kesi yako yote ilipokaa. Mtu mwangalifu wa Simbo huweka kuti. Kama uliweka, wewe si mzembe, hata kama binti ameungua mpaka mfupa. Sheria haisemi kila anayeumia lazima apatikane wa kulipa kati ya waliokuwa karibu. Inauliza nani alikosea.

Halafu huja swali ninalolichukia. Je, kosa hilo ndilo lililoleta maumivu, au kuna mtu aliyeingia katikati? Niliwachorea wanafunzi mnyororo ubaoni. Kitu hiki kimeleta hiki, kimeleta hiki. Ikiwa mtu mwingine ameingia akafanya tendo lake mwenyewe, mnyororo unakatika pale, na dhima inamhamia yeye. Nilitoa mifano ya magari, ya ngazi za majengo, ya waya za umeme. Sikuwahi kutoa mfano wa shimo.

Mwaka mmoja, binti mmoja kutoka Mpulungu, mtoto wa wavuvi, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kama mwenye shimo ameweka onyo, halafu mtu mwingine akaliondoa, nani anawajibika?"

Nikasema, "Aliyeliondoa."

"Hata kama hakujua kwamba ni onyo?"

"Tunauliza kama mtu wa kawaida, wa mahali pale, angejua."

"Na kama alijua?"

Nikamwambia muda umekwisha, tutaendelea wiki ijayo. Muda ulikuwa umebaki dakika ishirini. Wanafunzi walitoka wakifurahi, nami nikabaki nimekaa kwenye kiti mpaka mfagizi akaingia na ndoo yake akaniuliza kama naumwa.

Mtu akiniuliza leo, sheria inanidai nini, jibu ni kwamba hainidai kitu. Muda wa kufungua madai ya mwili ulikwisha zamani sana. Leonia hawezi kunishtaki, wewe huwezi kunirudia kwa shamba lako. Wabunge waliweka ukomo huo kwa sababu nzuri, kwamba mashahidi hufa na kumbukumbu huharibika. Nimeufundisha ukomo huo, nimeutetea kwenye mitihani. Lakini kumbukumbu yangu haikuharibika. Imekuwa kama chuma, nami nimechoka kuibeba.

Basi naomba mambo machache. Barua hii isomwe kwenye kikao hicho cha mwisho wa mwezi, mbele ya watu wa Leonia na mbele ya Leonia mwenyewe, na asomaye awe Ester. Wakisema ni uongo wa ndugu kumkinga ndugu, wapige simu, mwanangu ataniwekea sikioni nami nitasema maneno haya haya kwa mdomo wangu. Wasiposikia hilo, mwambie Leonia peke yake. Nadhani yeye atasikia. Ni mtu aliyesema kweli akaonewa shaka na upande mmoja, kama wewe ulivyoonewa na upande mwingine.

Neema, mjukuu wangu, usiogope. Kama ndoa yako itaharibika, iharibike kwa sababu ya babu yako mdogo wa Lusaka, si kwa sababu ya babu yako anayekaa nawe. Sidhani itaharibika. Lakini usimruhusu aseme lile neno kwa ajili yako. Utalala ukijua limesemwa, na ni usingizi mbaya, niulize mimi.

Shamba siwezi kulirudisha. Nyumba hii niliyomo ni ya mwanangu. Nimemwambia yote haya, jana, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka nje akakaa kwenye gari bila kuliwasha. Aliporudi aliniuliza baba mkubwa anapenda nini. Nikamwambia anapenda kuaminiwa. Akasema hilo haliwezi kutumwa kwa boti. Nikamwambia ndiyo maana ninaandika.

Nisalimie dada yetu wa Kalinzi, yule aliyeolewa kwenye kahawa, mwambie bado nakumbuka ndizi zake za kuchoma. Nisalimie shemeji yangu, mke wako, aliyekaa na jina la mwongo ndani ya nyumba miaka yote na hakuondoka. Mwambie namwomba radhi kabla ya wengine, kwa kuwa yeye alikuamini bila ushahidi, na huo ulikuwa mzigo niliompa mimi. Msalimie mjane wa binamu yetu, yule muuza vitenge wa Ujiji. Msalimie mchungaji, ingawa simjui. Leonia msiniombee kwake. Mpeni salamu tu, ya mtu aliyekula sherehe siku ile na hakuja hospitali kumtazama hata mara moja.

Ester, hapa pumzika. Mpe baba maji. Halafu malizia, kipande kilichobaki ni kifupi.

Barua hii nimeiandika kwa siku nne, na kile kilichotangulia nilikiona kinatosha. Leo asubuhi nimekisoma tena, nikaona nimefanya kile kile nilichofanya kwenye utetezi wako. Nimeandika "kuti." Nimeandika kwamba nilidhani ni la sherehe, limeangushwa na mtu. Kwa maneno hayo mimi ni kijana aliyekosea, na mtu anaweza kumhurumia.

Lakini wewe unayesikiliza, Kaka, umeshaona nilichoruka, na kila mtu wa Simbo kwenye kikao atakiona. Kuti la sherehe hukatwa likafungwa kama lilivyo. Kuti la shimo, mwenye shimo huyakusanya majani ya nchani akayapiga fundo, ili hata likisogezwa na mbuzi mtu ajue si takataka. Mtoto wa kwetu analijua fundo hilo kabla hajajua kusoma. Hakimu hakuliuliza, hakuwa mtu wa huko, na wakili hakuwa mtu wa huko. Wewe hukulitaja, kwa sababu ulipowaambia umeweka kuti ulikuwa umeshawaambia na fundo. Aliyepaswa kuliandika ni mimi niliyeshika kalamu, na nikaliacha, kwa kuwa mtu angeuliza lile kuti lenye majani yaliyokunjika limekwenda wapi, na shangazi mmoja angekumbuka kuliona langoni.

Lilikuwa na fundo. Nilisimama juu yake nikasikia joto la shimo miguuni mwangu, nikafikiri nitalirudisha wageni wakishapita, nikafikiri nitachekwa nikipanda nalo likiwa hivyo. Nikachutama. Aliyelifungua fundo lako kwa vidole vyake na kuyanyoosha majani moja moja, akijua ni lako na akijua limewekwa kwa nini, ni mimi, mdogo wako,

Festo